Akili Nywele

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Mimi ni kinyozi. Nazifagia.
Kila Jumamosi, Barabara ya Barton, mjini Hamilton,
theluji imerundikana mlangoni, chafu kama pamba ya mto wa zamani,
nazizoa kwa kizoleo, za kipilipili, za singa, za mvi,
nazitia kwenye mfuko mweusi,
Jumanne gari la taka linazipitia.

Asukulu hukaa kiti cha dirishani.
Ana shahada ya tatu, ya maji na mikondo yake;
anaendesha teksi.
Kichwa chake nakijua kwa kiganja:
kina kibonde juu ya sikio la kushoto.
Akasema, macho kafumba, mashine ikinguruma kisogoni:
"Akili ingekuwa inalipa kodi ya nyumba, ningelala ghorofani."
Waliongoja zamu wakacheka. Yeye hakucheka.

Basi mzozo ukaanza.
Huyu kasema ni bidii. Yule kasema ni kujuana.
Byaombe, muuza magari makuukuu
ambayo yeye huyaita wazee wenye heshima,
kasema ni ulimi tu, ulimi na viatu vinavyong'aa.
Wakanigeukia: "Na wewe je?
Una viti vinne, una jina juu ya kioo. Ulipandaje?"

Nikapuliza mashine.
Sikuwaambia habari za Mwanakombo,
dada yangu, ndiye niliyemfuata ziwa,
aliyenifanyia hesabu kwa kijiti, mchangani,
kabla mwalimu hajamaliza kuandika swali ubaoni.
Mimi tarakimu zilinichezea: sita ikajipindua ikawa tisa,
kumi na mbili ikanitazama kwa sura ya ishirini na moja.
Tulifika hapa kwa ndege moja,
na koti moja la kupokezana.

Niliwaambia hili tu:
baridi ya kwanza nilitumwa kuzoa theluji nyumba ya kumi na sita.
Nikazoa ya sitini na moja.
Ngazi, njia ya gari, hata kile kijia cha paka.
Nilipogonga kudai ujira, akafungua bibi mmoja, Bi Pelletier,
kavaa gauni la kulalia na viatu vya mpira.
Hakuelewa Kiingereza changu, wala mimi chake.
Akanipa supu ya njegere.
Theluji ya pili nikarudi, safari hii kwa makusudi.
Mwaka wa tatu, mwenye jengo hili alipotaka mdhamini,
mkono wa bibi, unaotetemeka, ndio uliotia sahihi.

"Kumbe ni ujinga!" akaruka Asukulu, povu shavuni.
"Ni bahati," akasema Byaombe.
"Uliizoa yote, hukuiacha nusu," akasema yule wa bidii.
Kila mmoja akaokota alichokuja nacho
akaondoka nacho, shingo imenyolewa.

Jumapili nafunga duka. Mwanakombo huja,
ametoka zamu ya usiku, kiwanda cha viazi,
vidole vimepasuka kwa maji baridi.
Anafungua daftari langu, anashuka safu nzima kwa jicho,
bila kalamu,
ananionyesha mahali nilipojipunja dola arobaini.
Nikimpa noti anazirudisha mfukoni mwangu
kama mtu anayemfunga mtoto kifungo.
Kisha anavua mtandio, anakaa kiti cha dirishani.
"Nipunguze. Zimekuwa nyingi, na kazi hazina."

Nakata taratibu. Zinaanguka.
Nje theluji inaanza upya,
yenye kumi na sita na yenye sitini na moja
zote zinafunikwa.
"Mbona hufagii?" ananiuliza.
Namwambia nitafagia kesho.

Kesho Jumatatu, huwa sifungui.
Naye anajua.